Sura ya 6: Nimngoje au Nisimngoje?

"Nimngoje?" Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Huulizwa nje ya kanisa, wengine wakishatawanyika. Huulizwa shambani wakati wa kuvuna viazi, macho yakiwa kwenye udongo ili yasikutane na ya mwingine. Mara nyingi anayeuliza ni mke ambaye mumewe amefungwa. Mara chache ni mume aliyeachiwa watoto na nyumba, mkewe akiwa ndani kwa kesi ya pombe haramu, na kwake yeye aibu ya kuuliza ni kubwa zaidi.

Kwetu Kiirua, katika Kaunti ya Meru, gereza haliko mbali na maisha ya watu. Mjini Meru kuna gereza la wanaume na la wanawake. Uruku na Kangeta nako kuna magereza, na ukiteremka kusini utakuta la Embu. Kifungo kikiwa kirefu, mtu hupelekwa mbali zaidi: King'ong'o kule Nyeri, Kamiti jijini Nairobi, Naivasha, au Manyani, karibu na Voi. Kwa mke wa Kiirua, safari ya kwenda Meru humalizika kwa siku moja. Safari ya Manyani humla nauli ya mwezi mzima.

Kabla ya kulijibu swali hilo, ninataka tuligeuze kidogo. Neno "kungoja" linaifanya ndoa ifanane na kituo cha matatu: mmoja amekaa kwenye benchi, gari halijulikani litafika lini, na kazi yake ni kutazama barabara. Ndoa ikikaliwa hivyo hufa, hata kama kifungo ni cha mwaka mmoja. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mtu akiondoka, hata haki yake ya kusikilizwa huondoka naye. Sura hii inahusu namna ya kuupinga msemo huo: namna ya kuhakikisha kwamba asiyekuwepo nyumbani bado ana lake pale.

Kwanza jua unahesabu nini

Watu wengi huvunjika moyo kwa sababu hawajui kifungo ni kirefu kiasi gani. Husikia "miaka tisa" mahakamani, magoti yakalegea, wasisikie lingine. Hebu tuyaelewe maneno machache.

*Rumande* ni kuzuiliwa gerezani kabla kesi haijaamuliwa. Aliye rumande huitwa mahabusu. Bado hajapatikana na hatia, na anaweza kuomba dhamana, yaani kuachiliwa kwa masharti kesi ikiendelea.

*Muda wa rumande kuhesabiwa.* Sheria ya Kenya inaitaka mahakama izingatie siku ambazo mtu alikaa rumande inapompa kifungo. Msikilize hakimu kwa makini: je, kifungo kinaanza siku ya hukumu, au siku mtu alipokamatwa?

*Msamaha wa theluthi.* Mfungwa mwenye bidii na tabia njema anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Msamaha huu hauhusu kifungo cha maisha, na kuna makosa mengine mazito ambayo pia hayahusiki. Muulize ofisa wa gereza kama kosa la mwenzako linahusika.

*Rufaa* ni kuiomba mahakama ya juu iitazame upya hukumu. Kwa kesi za jinai zilizoamuliwa na hakimu, muda wa kukata rufaa ni siku 14. Siku hizo hupita upesi sana nyumba ikiwa bado kwenye kilio.

*Kifungo cha nje.* Tangu mwaka 1998 Kenya ina sheria ya huduma kwa jamii. Kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, mahakama inaweza kumwamuru mtu afanye kazi ya umma, kama kusafisha shule au kupanda miti, huku akilala kwake. Kabla ya kuamua, mahakama huomba ripoti ya ofisa wa probesheni, yaani ofisa anayechunguza maisha ya mshtakiwa na kumfuatilia akiwa nje. Ofisa huyo akifika kwako, usijifiche. Maneno yako yana uzito.

Sasa turudi kwenye ile miaka tisa. Theluthi ya tisa ni mitatu, kwa hiyo inabaki sita. Kama muda umehesabiwa tangu siku ya kukamatwa na mwaka mmoja uliishia rumande, mbele imebaki mitano. Mitano ni mingi, lakini si tisa. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka huu atakuwa angali shule ya msingi baba akirudi. Hilo ni jambo ambalo nyumba inaweza kulipanga.

> Kwa kifupi: Usiamue lolote kuhusu ndoa yako wiki ya hukumu. Wiki hiyo ni ya kuuliza tarehe, kuihesabu rufaa na kuandika jina la gereza.

Mama zetu walishaipita njia hii

Tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilianza msako mkubwa jijini Nairobi, ikauita Operesheni Anvil. Waliolengwa walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu walipelekwa kwenye kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Huku nyumbani, katika nchi ya Wakikuyu, Embu na sehemu za Meru, wanawake walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro, wakafanyishwa kazi kwa amri mchana na kurudi jioni kutafuta chakula cha watoto.

Waliozuiliwa kambini hawakupewa kifungo cha miaka. Hawakuwa na tarehe. Mke hakuweza kuhesabu theluthi, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kugawanya. Hali ya hatari iliyokuwa imetangazwa na serikali hiyo iliondolewa rasmi Januari 1960, na baadhi walikuwa wamekaa kambini miaka mingi.

Ninawakumbuka wanawake hao kwa sababu leo mke wa mfungwa hudhani yeye ndiye wa kwanza, na kwamba watu wote wa Mlima Kenya wanamtazama yeye. Wengi wetu tumetoka katika nyumba ambazo bibi alizishika peke yake. Waliweza kwa sababu waligawana kazi, walilimiana, na waliwataja waume zao mbele ya watoto kama watu walio hai. Mtoto alijua shamba hili ni la baba, na mti ule alipanda baba. Yule aliyekuwa Manyani alikuwa na lake.

Mpe kazi ya nyumbani

Hapa ndipo kiini cha sura hii kilipo. Uhusiano na aliye gerezani huuawa na huruma mapema kuliko unavyouawa na umbali. Mke humwonea mumewe huruma, akaamua asimsumbue: hamwambii paa linavuja, hamwambii mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo, hamwambii ng'ombe ameuzwa. Naye mume, kwa huruma hiyo hiyo, hasemi kwamba anaumwa au kwamba amepigana na mwenzake. Wanaonana kila mwezi, wanaulizana "uko salama?", wanajibu "niko salama", wanaagana. Baada ya miaka miwili wamekuwa watu wawili wanaosalimiana.

Mfungwa hana mengi ya kuamua. Saa ya kuamka huamuliwa, chakula huamuliwa, nguo huamuliwa: ile sare ya milia tunayoiita kunguru. Ukimnyang'anya na maamuzi ya nyumbani, umemfunga mara ya pili. Kwa hiyo mpe kazi. Ichukulie kama sehemu ya nyumba iliyo mikononi mwake. Mifano:

1. Uamuzi mmoja kila ziara. Msimu huu tupande viazi au mahindi? Kijana aende ufundi katika chuo cha hapa Kiirua, au amalize kwanza kidato cha nne? Muulize, msikilize, kisha ufanye mliyokubaliana. Ziara ijayo mpe matokeo.
2. Mtoto mmoja, jambo moja. Baba ajue kwamba hesabu za mtoto wa pili ni jukumu lake. Atume maswali kwa barua, mtoto ajibu, barua irudi.
3. Ustadi wa kurudi nao. Magereza yetu hufundisha useremala, ushonaji na kazi nyingine za mikono, na wako wanaofanyia mitihani ya kitaifa humo ndani. Chagueni pamoja ufundi ambao utakuwa na wateja Kiirua.
4. Deni la kosa lake. Kama aliumiza mtu au aliiba, kuna familia iliyoumia, na huenda mnakutana nayo sokoni. Zungumzeni kuhusu kuomba msamaha na kulipa. Wazee wa Meru, hadi kwenye baraza la Njuri Ncheke, wana njia za kupatanisha, na njia hizo huchukua muda. Heri zianze mapema.

Utauliza: je, akikasirika? Je, akiwa na mawazo mabaya kwa sababu hajui hali ya nje? Atakasirika, na mara nyingine atakosea. Mume aliye nyumbani pia hukasirika na hukosea. Anayekasirika kwa ajili ya paa linalovuja bado ni mtu wa nyumba hiyo.

Lango, barua na simu

Siku na saa za kutembelea hutofautiana kati ya gereza na gereza, na kati ya mahabusu na aliyefungwa. Uliza kabla ya kupanda gari. Beba kitambulisho. Uliza pia vitu gani vinaruhusiwa, kwani mfuko wa nguo ulioununua kwa jasho unaweza kurudi nao nyumbani. Kwa kawaida vitu vidogo vya usafi, kama sabuni na dawa ya meno, ndivyo vinavyohitajika zaidi.

Muda wa kuonana ni mfupi, na pengine kati yenu kuna wavu au kioo. Wengi huumaliza kwa kulia. Kulia si kosa, lakini andika kwenye kiganja mambo matatu: habari moja ya furaha, habari moja ngumu, na swali moja la kuamua. Hata ukilia, kiganja kitakukumbusha.

Huenda siku moja ukafika langoni ukaambiwa mwenzako hataki kuonana nawe. Usikimbilie kusema amekuacha. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipozuiliwa Kamiti, tangu mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978, alikataa kufungwa minyororo ili aruhusiwe kuiona familia yake, na kwa sababu hiyo akakosa kuwaona. Mtu anaweza kukwepa ziara ili alinde heshima yake, au kwa sababu amekonda hataki uione mifupa. Mwandikie barua, umwambie ulifika.

Barua ndiyo dawa ya ziara fupi. Jua kwamba hufunguliwa na kusomwa na maofisa, kwa hiyo usiandike usilotaka mtu wa tatu alione. Lakini usiogope kuandika mambo ya kawaida, kwa kuwa ndiyo yanayokosekana kule ndani. Kwa mfano:

*"Baba watoto, mvua imeanza. Tumepanda kipande cha juu tu, cha chini bado kina maji. Mdogo amejifunza kufunga kamba za viatu, anasema utashangaa. Fundi anataka elfu nne kwa lile paa. Je, nimpe, au tusubiri tuuze viazi?"*

Barua hiyo haina neno "nakupenda", lakini mume ataisoma mara kumi. Mshairi wa Mombasa Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969, alitunga mashairi yake gerezani kwa siri akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mtu aliyefungiwa huyatunza maneno kuliko sisi tulio nje. Mpelekee ya kutunza.

Kuhusu simu, pitia ofisi ya ustawi wa wafungwa, ambako maofisa huweza kuwasaidia kuzungumza kwa njia halali. Simu iliyoingizwa kwa siri ni kosa. Akikamatwa nayo, anaweza kupoteza ule msamaha wa theluthi mliouhesabu kwa uchungu. Mazungumzo ya dakika kumi yasije yakawagharimu miezi.

Na yale ya chumbani? Wasomaji huniuliza hili pia, na wana haki ya kuuliza. Magereza ya Kenya hayana utaratibu wa wenzi kukutana faragha. Upweke wa mwili ni mzigo wa kweli, na wote wawili wanaubeba. Semeni wazi kwamba upo. Wanaounyamazia huanza kuulizana kwa tuhuma: nani alikuleta, nani alikulipia nauli, mbona umevaa hivyo?

> Kwa kifupi: Ziara iwe na swali la kuamua, barua iwe na habari za kila siku, simu ipitie ofisini.

Watoto waambiwe nini?

"Baba yuko Nairobi kazini." "Mama ameenda Saudia." Uongo huu huzaliwa na upendo, lakini una miguu mifupi. Mtoto ataambiwa ukweli na mwenzake wakigombania mpira, na siku hiyo atapoteza wazazi wawili: mmoja aliye gerezani, na mwingine aliyemdanganya.

Mwambie kwa kipimo cha umri wake. Mtoto wa miaka mitano anatosheka na haya: "Baba alifanya kosa. Wakubwa wakifanya kosa kubwa hupelekwa mahali panapoitwa gereza. Hakukuacha wewe, na wewe hukufanya kosa lolote." Mwenye miaka kumi na miwili atauliza kosa lenyewe, naye ajibiwe. Mweleze mwalimu wa darasa, ili mtoto akianza kunyamaza, shule ijue sababu.

Kama aliyefungwa ni mama, kuna jambo la ziada. Sheria inaruhusu mtoto mchanga kukaa na mama yake gerezani hadi afikishe miaka minne. Baada ya hapo lazima atoke. Ukoo ukae mapema na kuamua nani atampokea, na mtoto aanze kumzoea mtu huyo kabla ya siku ya kutoka.

Pesa, shamba na matapeli

Mwenzi wa mfungwa huandamwa na watu wa aina tatu.

*Wa kwanza ni mtu wa "kumtoa".* Atakutafuta mahakamani au kukupigia simu: anamjua mkubwa fulani, anataka elfu thelathini, kesho mumeo yuko nje. Hakuna njia kama hiyo. Dhamana hulipwa kwa taratibu za mahakama, ukapewa risiti. Ukihitaji wakili na huna uwezo, uliza mahakamani kuhusu msaada wa kisheria wa serikali, uliowekwa na sheria ya mwaka 2016.

*Wa pili ni sauti ya simu.* "Mumeo ni mgonjwa sana, tuma pesa ya dawa sasa hivi." Usitume. Kata, kisha uliza kwa ofisi ya gereza.

*Wa tatu ni ndugu mwenye macho kwenye shamba.* Huyu humwambia mke kwamba mwenye ardhi hayupo, kwa hiyo arudi kwao. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke wote wawili. Kifungo hakifuti ndoa wala haki hiyo. Ukisikia fununu za kuuza, nenda ofisi ya ardhi uombe zuio liwekwe kwenye hati, na ufike mbele ya bodi ya kudhibiti ardhi useme neno lako. Usiende peke yako. Nenda na mzee anayeheshimika au mtu wa chama chako.

Na tahadhari moja kwako mwenyewe: usiuze nyumba ili kumlisha aliye ndani. Pangeni pamoja kiasi ambacho gereza litapata kila mwezi, hata kama ni kidogo. Karo na chakula cha watoto vitangulie.

Basi, nimngoje?

Sasa tunaweza kujibu. Jiulize maswali matano, na uyajibu ukiwa peke yako:

- Kabla ya kufungwa, nyumba hii ilikuwa na amani, au kifungo kiliniletea usingizi wa kwanza kwa miaka?
- Je, kosa lake lilinielekea mimi au watoto?
- Anakiri alichofanya, au kila mtu ana makosa isipokuwa yeye?
- Nikimpa kazi ya nyumbani, anaibeba au anatoa amri tu?
- Ninabaki kwa hiari, au ninaogopa maneno ya watu?

Kama alikuumiza wewe au watoto wako, huna deni la kumngoja. Asikutishe mchungaji, mzee wala mama mkwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 pia inatambua kwamba mwenzi akihukumiwa kifungo cha maisha, au cha miaka saba au zaidi, hiyo ni sababu inayotosha kuomba talaka. Sheria haikulazimishi uondoke. Inakuambia tu kwamba ukiondoka hutakuwa umetenda kosa. Ukiamua hivyo, mwambie mwenyewe, kwa barua au ana kwa ana. Asilisikie kwa mahabusu mpya aliyetoka kijijini kwenu.

Na kama majibu yako yanakuambia ubaki, basi baki kwa kazi, usibaki kwa kukaa.

Siku ya kurudi

Nelson Mandela na Winnie walioana mwaka 1958. Alikamatwa mwaka 1962 na kuachiliwa Februari 1990, dunia nzima ikimwona akitoka ameshikana mkono na mkewe. Aprili 1992 alitangaza kwamba wametengana. Lango likifunguka, kazi ya ndoa haiishi hapo.

Anayerudi hukuta mtoto mwenye sauti nzito, mke anayejua kushughulika na bodi ya ardhi, na kiti chake kikiwa na mtu mwingine mezani. Naye amezoea kuambiwa lini ale. Mpeni miezi. Asikabidhiwe nyumba yote wiki ya kwanza, wala asiketishwe kama mgeni. Aanze na zile kazi alizokuwa akizibeba tangu ndani: yule mtoto wa hesabu, kile kipande cha chini cha shamba, ile familia aliyoikosea. Kama alikuwa nazo, atajua pa kushika. Kama hakupewa hata moja, atarudi kwenye nyumba isiyo na lake.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Kabla ya ziara yako ijayo, chukua karatasi, uandike mambo matatu ya nyumbani ambayo bado hujayaamua. Panda gari nayo. Ukifika langoni na kumwona, baada ya salamu, msomee la kwanza umuulize: "Unaonaje?"